Kisukari, saumu na kikao cha Alhamisi: je, kueleza ugonjwa ni kumlalamikia Allah?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nauza dagaa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Huu ni mwaka wa sita nina kisukari, najichoma insulini asubuhi na jioni. Kila Alhamisi baada ya alasiri tunakaa wanawake tisa wenye ugonjwa huu, wengine Wakristo, tunapimana sukari na kuulizana nani kala nini. Shemeji yangu anasema kuutangaza ugonjwa ni kumshitaki Mwenyezi Mungu kwa viumbe wake, tena kutoboa kidole mchana wa Ramadhani kunafunguza. Ramadhani iliyopita sukari ilinishuka nikiwa sokoni. Jasho lilinitoka, nikaona haya kunywa kitu mbele za watu, mpaka nikaangukia magunia. Nilikosea wapi?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Pole sana.

Nianzie kwenye magunia. Ulikosea kungoja. Allah anasema, “Wala msijiue” (Nisaa 29), na katika Baqara 185 amemwekea mgonjwa siku nyingine za kufunga. Madaktari wanaohudumia wafungaji wenye kisukari wanasema kipimo cha sukari kikisoma chini ya 3.9 au kikipita 16.6 (kwa mmol/L), fungua, hata ikiwa imebaki robo saa kuadhiniwa magharibi. Ikiwa imeshuka, kunywa soda ya kawaida au maji uliyokorogea sukari. Jasho la baridi likikutoka na mikono ikatetemeka, nawe huna kipimo karibu, kunywa kwanza, kupima kutafuata. Atakayekutazama vibaya pale sokoni, mwachie Mola wake.

Kutoboa kidole hakufunguzi. Baraza la Fiqhi (sheria ya dini) la Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1997 lilitaja kutoa damu ya kupima, pamoja na sindano za dawa zisizo za lishe, kuwa ni mambo yasiyobatilisha saumu. Insulini imo humo. Ila kujichoma dozi ileile ya siku zote huku tumbo ni tupu ndiko kunakoangusha watu, na dozi haibadilishwi na sheikh wala na jirani. Nenda kliniki mapema, tangu Rajabu au Shaabani. Daktari akikwambia usifunge, na ugonjwa wenyewe ni wa kudumu, toa fidia: kwa kila siku kibaba kimoja cha chakula wanachokula watu wa mji wako, mchele au unga, umpe masikini. Hudaiwi zaidi ya hapo.

Sasa kikao chenu. Bibi Aisha (r.a.) aliumwa kichwa akasema, “Ole kichwa changu!” Mtume (s.a.w.) hakumkemea. Alimjibu, “Bali mimi, ole kichwa changu!” Imo katika Bukhari. Nami nikiisoma naona watu wawili wanaoumwa, kila mmoja anamweleza mwenzake. Malalamiko yanayokatazwa ni ya kuchukia alichokadiria Allah. Kusema “jana nilikula matobolwa ya viazi na chai ya sukari, leo imesoma 15” ni habari, na huenda ikamwokoa aliyekaa pembeni yako.

Shemeji yako simlaumu kwa kuogopa dhambi. Namlaumu kwa kufutu, yaani kutoa hukumu ya dini, bila kujua. Jabir (r.a.) amesimulia kwamba safarini mtu mmoja alipasuliwa kichwa na jiwe, kisha akaota usingizini akapata janaba, ikampasa kuoga. Akawauliza wenzake kama anaruhusiwa kutayamamu (kujipaka vumbi safi badala ya maji), wakamwambia hana ruhusa maadamu maji anayaweza. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari alisema, “Wamemuua, Allah awaue! Mbona hawakuuliza walipokuwa hawajui? Hakika ponyo la kutojua ni kuuliza.” (Abu Dawud). Msomeeni shemeji hadithi hii kwa upole, ikiwezekana baada ya chakula.

Hao Wakristo kaeni nao. Sukari ikimshuka mmoja wao, nawe umebeba tende, mpe.

Lipo jambo hukuuliza, lakini wewe unashinda mwaloni, kwenye mawe, miiba ya samaki na maji. Kisukari hufisha ganzi nyayo. Mtu huchomwa asijue mpaka kidonda kinuke. Nawe unaosha miguu kwa udhu mara tano kwa siku! Unapopitisha kidole katikati ya vidole vya mguu, kama tulivyofundishwa, angalia pia unyayo, halafu kausha vizuri kabla ya kuvaa. Asiyeona vizuri aangaliwe na mwenziwe hapo hapo kikaoni. Na msitembee peku pale, hata kama ni hatua mbili kufuata beseni.

Mwisho, hilo la kupimana. Mashine mnaweza kuchangia mkiisafisha, lakini kisindano cha kutobolea kidole ni cha mtu mmoja, kikishatumika kinatupwa kwenye chupa ngumu yenye kifuniko. Kama hadi sasa mmekuwa mkitumia kimoja kwa wote tisa, acheni Alhamisi hii, na mkamweleze muuguzi wa kliniki.

Wallahu aalam.