Baba Hakunilea, Niombe Vipi "Kama Walivyonilea"?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nimekulia Kilifi. Baba alikuwa mtu wa mangweni, kwenye vilabu vya pombe ya mnazi. Akipata kibarua, pesa zote huishia kwenye mnazi. Mama alifua nguo za watu, na siku nyingi tulilalia chai ya rangi. Mabati ya jiko baba aliyauza. Shule niliiacha darasa la sita, bibi akanichukua. Sasa baba ni mgonjwa, pombe hajaacha, na kila wiki hunipigia simu akitaka pesa. Nikifika kwenye dua ya wazazi, "Mola wangu, warehemu kama walivyonilea utotoni", ulimi unakataa. Nina dhambi?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullah. La, mwanangu, huna. Dua hiyo, ya Surat al-Israa aya ya 24, tunawakaririsha watoto madrasa kabla hawajajua kusoma, wala hatuulizi nani kati yao jana alilala njaa. Swali lako limeniaibisha kidogo.

Baba yako alikudhulumu. Mtume (s.a.w.) amesema yamtosha mtu dhambi kuwatelekeza wale anaowajibika kuwalisha. Chakula kile kilikuwa haki yako. Na anayekwambia "ni mzazi, usimseme" msomee an-Nisaa aya ya 148: Allah hapendi maovu yatamkwe hadharani, isipokuwa kwa aliyedhulumiwa.

Ama moyo kutompenda, mkumbuke Wahshi, aliyemuua Hamza, ami yake Mtume. Alisilimu, na Uislamu wake ukakubaliwa. Lakini Mtume alimuuliza kama anaweza kuuficha uso wake asimwone. Haya yamo katika Sahihi Bukhari. Ikiwa Mtume mwenyewe alipata uzito huo, wewe nani akulazimishe kucheka na baba?

Turudi kwenye dua. Mama aliyechubuka mikono kwa sabuni alikulea, mwombee kwa lafudhi ileile. Bibi naye mtaje kwa jina. Baba mwombee uongofu na toba, kwa Kiswahili chako, hata kwa maneno mawili. Nabii Ibrahim alitishiwa na babake kupigwa mawe, akamjibu: amani iwe juu yako, nitakuombea msamaha kwa Mola wangu. Kisha akajitenga naye na watu wake. Yote mawili yako Surat Maryam, aya ya 47 na 48, na watu wengi hunukuu ile ya kwanza tu.

Kuhusu pesa, hapa sitakulegezea. Luqman aya ya 15 inaamrisha kukaa kwa wema hata na wazazi wanaokushurutisha ushirikina, sembuse mlevi. Kama yeye ni fukara na wewe una ziada baada ya kujilisha na kulisha wanao, matumizi yake ni wajibu wako. Lakini wajibu ni unga, dawa na pa kulala. Noti mkononi mwake unajua zinakokwenda, na al-Maida aya ya 2 inatukataza kusaidiana katika dhambi. Mlipe mwenye duka, umwambie asimpe baba chenji wala asimbadilishie unga kwa pesa. Akikutukana kwenye simu, usimrudishie, muage, ukate.

Kumsamehe si faradhi. Ni fadhila, na ash-Shura aya ya 40 inasema ujira wake uko kwa Allah. Ikija, ije kwa wakati wake, unga haungoji. Na kama kumwona uso kwa uso bado ni kuzito, mwagize kijana wa jirani aupeleke unga.

Wallahu a'lam.