Kabla hujasema upanga huo ni wa Bushiri

Watu wananiletea panga. Wapo waliozikuta chumbani kwa marehemu, wapo waliozitoa kwenye kontena la samani za mtumba, na wapo walionunua kwa mtu aliyewaapia kuwa zimefukuliwa karibu na magofu ya Kaole. Kazi yangu hapa Bagamoyo ni kutengeneza na kutunza vifaa vya maigizo na ngoma, kwa hiyo panga za kila namna zimepita mikononi mwangu, na swali ni lile lile: huu ni wa zamani gani? Nataka kukueleza jinsi ya kulijibu mwenyewe, hasa upanga unapokuwa wa ajabu, wenye mabawa ya popo pale pa kukinga mkono, fuvu kwenye kichwa cha mpini, matundu katikati ya bapa na jiwe jekundu linalometameta.

Upanga wa aina hiyo ni wa pambo. Umebuniwa na mchoraji wa siku hizi ili utundikwe ukutani, na hakuna jeshi lililowahi kuubeba vitani. Hilo haliufanyi kuwa takataka. Una mbunifu, una kiwanda, na mara nyingi una toleo linaloweza kutafutwa likapatikana. Kinachoniuma ni historia ya kubandika. Hapa kwetu kila chuma kirefu chenye ncha kinaambiwa ni cha Bushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani pwani hii, au cha ofisa wa Kijerumani, na mvuvi wa watu anatoa akiba yake yote kununua kitu kilichotoka kiwandani juzi. Wakati huo huo kitara halisi cha babu, ule upanga uliopinda, kinasuguliwa kwa msasa ili king'ae.

Anza na mpini. Macho ya kila mtu hukimbilia bapa kwa sababu ndilo linalong'aa na ndilo lenye michoro, lakini bapa hudanganya kirahisi. Mpini ndiko mtengenezaji alikobana matumizi. Tazama kichwa chake, kule mwisho kabisa. Ukikuta nati, au kichwa chenyewe kinazunguka na kufunguka, fungua taratibu. Ndani utauona msuka, ile sehemu ya chuma inayoingia kwenye mpini. Kwenye panga nyingi za pambo msuka ni kijiti chembamba chenye hesi, kimechomelewa kwenye kitako cha bapa, na alama ya kuchomelea inaonekana waziwazi. Upanga uliotengenezwa kwa kazi una msuka mpana, wa chuma kile kile cha bapa, na aghalabu ncha yake imegongwa kwa nyundo juu ya kichwa cha mpini ikafungwa moja kwa moja. Ukikuta umegongwa hivyo, usijaribu kuufungua.

Kisha pitisha ukucha pembeni mwa kinga ya mkono. Vitu vilivyomiminwa kwenye kalibu la pande mbili hubaki na mstari mwembamba pale pande zilipokutana, na viwanda vya bei nafuu havipotezi muda kuusawazisha. Mahali rangi ya dhahabu ilipochubuka, angalia chini yake. Ukiona rangi ya kijivu, hiyo ni aloi ya zinki. Shaba ingekuwa ya manjano hadi ndani. Sumaku husaidia kidogo tu. Haitashika zinki wala shaba, na itashika bapa la chuma cha zamani sawasawa na bapa la stenlesi ya visu, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba sumaku imenasa basi upanga ni wa kale.

Hapo kwenye stenlesi ndipo hadithi nyingi huvunjika. Nililetewa upanga wenye mpini wa joka, mwenyewe akisema umetoka kwenye vita vya Bushiri. Niliupeleka dirishani, nikauinamisha ili mwanga upite kwa upande, na pale juu kidogo ya kinga, chini ya uchafu wa gundi, zikajitokeza herufi ndogo zilizogongwa: "Stainless", na chini yake "Pakistan". Bushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Chuma cha stenlesi cha kutengenezea visu kilianza na Harry Brearley kule Sheffield, Uingereza, mwaka 1913. Na nchi inayoitwa Pakistan ilizaliwa Agosti 1947. Maneno mawili tu yalimaliza ubishi. Skrubu nazo zina ushahidi wake: ile ya kufunguliwa kwa bisibisi ya nyota ilipata hataza Marekani miaka ya 1930, kwa hiyo mpini ulioshikwa nayo ama ni wa baadaye ama umewahi kufunguliwa na fundi wa baadaye.

Alama hizo ndogo ndizo za kuzisaka kwa bidii. Namba 420 au 440 ni aina ya stenlesi, si mwaka. Neno Toledo linataja mji wa Uhispania unaouza panga za pambo kwa watalii hadi leo, na jina la Marto ni la kampuni ya huko huko. Panga nyingine hutoka Longquan huko China, na nyingine Dehradun, India, kwenye kiwanda cha Windlass. Ukikuta United Cutlery, hiyo ni kampuni ya Marekani, na panga zake nyingi za kubuni zilichorwa na Kit Rae. Za namna hiyo wakusanyaji huzitafuta hasa, na zikiwa na cheti, boksi na ubao wake wa ukutani bei yake ni nyingine kabisa. Usitupe ubao kwa sababu eti umeliwa na mchwa upande mmoja.

Maandishi ya kwenye bapa yasikutishe. Panga za kubuni hupenda herufi za kubuni, zisizosomeka kwa lugha yoyote ya watu. Yakiwa ya Kiarabu, hapa Bagamoyo hukosi msaada: mpelekee ustadhi wa madrasa yoyote ayasome. Mara nyingine atakwambia herufi zimegeuzwa kama kwenye kioo, au zimekatwa vipande visivyoungana. Aliyenakili hakujua anachonakili. Lakini hata yakisomeka vizuri, jina la fundi si ushahidi kamili. Jina la Asadullah wa Isfahan, fundi maarufu wa panga wa Uajemi, limegongwa kwenye panga nyingi mno ambazo hakuziona.

Piga picha sasa. Tandika kanga isiyo na maua mengi au shuka jeupe, weka futi ya fundi cherehani pembeni, upige upanga mzima, kisha mpini peke yake pande zote mbili, kichwa cha mpini, kinga, na zile alama kwa mwanga wa pembeni. Pima uzito kwenye mizani ya dukani. Panga za vita za Ulaya za kushika mkono mmoja nyingi zilikuwa kati ya kilo 1 na kilo 1.5, na za pambo mara kwa mara huzidi hapo sana. Ukitafuta kwa picha kwenye simu, tumia ile ya mpini peke yake. Mabapa yanafanana, joka lenye pembe tatu na jicho la kioo cha kijani halina mapacha wengi.

Usiuzungushe upanga huo hewani. Hili nalisema kwa vijana wetu wa maigizo, maana mji wenye TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, hauishiwi mazoezi. Stenlesi ndefu ikipata kishindo huvunjika badala ya kupinda, na ule msuka mwembamba hukatikia pale ulipochomelewa. Mkononi unabaki mpini, bapa linaruka kwa watazamaji. Jukwaani tumia wa mbao au wa alumini, upakwe rangi vizuri. Kutoka mstari wa pili hakuna atakayejua.

Na kama dalili zote zinakataa pambo, msuka ni mpana, hakuna stenlesi, hakuna mstari wa kalibu, tulia. Upanga mrefu ulionyooka, makali pande mbili, mpini wa mviringo usio na kinga, waweza kuwa wa Kiomani, na pwani hii ilijaa hizo. Usiusugue, usiupake ndimu wala majivu. Pangusa kwa pamba yenye mafuta ya cherehani, na usiuache ndani ya ala ya ngozi, kwa sababu ngozi hunyonya unyevu wa chumvi wa hapa na kula chuma kimyakimya. Mpini ukiwa wa pembe ya kifaru au ya ndovu, usiutangaze kwenye makundi ya WhatsApp. Hizo ni nyara za serikali, nenda kwa watu wa wanyamapori kwanza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 nayo inalinda vitu vilivyotengenezwa nchini kabla ya 1863, na mali kale haitoki nje bila kibali, hata kama mtalii ameshatoa dola mfukoni. Waone watu wa Mambo ya Kale, na ukipita makumbusho ya Misheni Katoliki uangalie jinsi vitu vya kweli vya enzi hizo vinavyochakaa.

Ukishaujua wako, andika kwenye karatasi: umetoka nchi gani, una alama gani, umeupata kwa nani. Ifunge kwenye mpini kwa uzi. Siku ukiuza, uza pamoja na karatasi hiyo, na mnunuzi akikuomba uandike Bushiri ili akauze ghali Dar, mkatalie.