AI ya kutuma imeili 6,000 kwa siku, nilipie?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Nauza programu ya mauzo na stoo kwa maduka na hoteli hapa Arusha. Zamani nilikuwa natuma imeili kwa list niliyonunua, wateja wanakuja, saa hizi kimya. Kuna jamaa ananiuzia AI ya kutuma imeili 6,000 kwa siku. Nilipie?

JIBU: Usilipie dada. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti kwa wanaotuma kwa wingi, na kwa Google wingi unaanzia imeili kama 5,000 kwa siku kwenda Gmail, sasa maduka mengi ya kwetu si yanatumia gmail ya kawaida tu, kwa hiyo utaingia humo fasta. Hapo domeni yako (lile jina linalokaa baada ya @ kwenye imeili ya biashara) lazima iwe na SPF, DKIM na DMARC, yaani rekodi za kuthibitisha imeili imetoka kwako kweli, matangazo yawe na kitufe cha kujitoa kwa kubonyeza mara moja, na wanaokuripoti spamu wasifike asilimia 0.3. Piga hesabu: imeili 1,000, watu watatu tu wakibonyeza, umeshafika. Kwa list ya kununua hao watatu unawapata kabla ya chai ya saa nne. Na domeni ikishachafuka hata invoisi ya mteja wako wa siku zote inaangukia spamu, hapo ndo panapouma.

SPF na DKIM weka hata kama unatuma ishirini, ni rekodi za DNS, yaani mipangilio ya domeni yako, waliokuuzia domeni watakuelekeza. DMARC anza na p=none, yaani unafuatilia tu bila kuomba imeili izuiwe.

Huko tunakoenda mi naona hivi: AI imefanya kuandika kuwe rahisi kwa kila mtu, inboksi zimejaa barua nzuri zinazofanana, kwa hiyo anayejibiwa ni yule anayeonekana anaijua biashara ya mtu. Itumie AI kuchimba, nani kafungua tawi, nani anatafuta mtunza stoo, halafu andika mwenyewe: "Habari dada, nimeona mmefungua tawi Njiro, stoo mbili mnazioanishaje jioni?" Basi. Usibandike brosha. Asipojibu pita dukani, Arusha si kubwa kihivyo.

Hiyo list ifute kabisa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zitumike kwa matangazo, na wewe huwezi hata kumwambia imeili yake umeitoa wapi.