Reading ya IELTS: mi nlifelishwa na samaki ninayemjua

Mdogo wangu uliyeleta uzi, nimesoma swali lako mara mbili ndo nikaamua nikae niandike. Unasema umemeza maneno 1,500 ya kwenye pdf, una IELTS Academic, ule mtihani wa Kiingereza wa kuombea chuo nje, mwezi ujao, unatafuta 6.5 kati ya 9, na kila ukijipima reading, yani sehemu ya kusoma, unaambulia 20 au 21 kati ya 40. Alafu unauliza uongeze maneno mangapi. Kwa njia hiyo usiongeze hata moja, na nakwambia hivo kwa sababu hilo shimo mi nimeshalala ndani yake.

Mi ni mtu wa Tanga, Makorora hapa, kazi yangu ya kilimo na nlikuwa natafuta masters nje. Kuna kituo kimoja cha tuisheni, sikitaji, walinipa kitini kinene kama msahafu, maneno yamepangwa A mpaka Z, kushoto Kiingereza kulia Kiswahili, neno kwa neno. Nikakariri miezi miwili, nikikoroma nakoroma kwa Kiingereza. Nikapanda basi, Segera, Chalinze, mpaka Dar, nikakaa kwenye kiti nikajiona nimeiva. Matokeo yakaja reading 5.5. Nauli, ada ya mtihani, lodge, vyote vikaenda na maji.

Nlipotulia nikagundua shida haikuwa idadi. Kile kitini kilinifundisha kwamba 'novel' ni riwaya basi imeisha hiyo, sasa nakutana na "a novel method" kwenye habari ya umwagiliaji, nikaanza kutafuta kitabu kiko wapi kwenye aya nzima. Kumbe hapo ni njia mpya tu. 'Address' nlijua anwani, pale mtu anashughulikia tatizo. 'Yield' ndo kabisa nlijiona bingwa, mavuno si ndo ugali wangu, kumbe mtu naye anaweza ku-yield, yani kalegeza, kakubali yaishe. Na 'hardly', jamani hili neno limeua wengi, tunadhani ni kwa bidii kwa sababu 'hard' tunaijua, wakati maana yake ni karibu na hapana. Ukimsoma mtu "hardly worked" ukamwona mchapakazi umeshaigeuza sentensi miguu juu.

La pili, na hili ndo kubwa. Sisi mtu akifa hatuna neno moja, tunasema kafariki, katutoka, kaaga dunia, katangulia mbele ya haki, na mgeni asiyejua lugha atadhani hayo ni mambo manne yamempata mtu mmoja. Sasa ule mtihani unachezea hapohapo. Habari itasema samaki fulani 'died out', swali litasema 'extinct'. Habari itasema bei 'fell sharply', swali litasema 'a steep decline'. Wewe umekariri 'decline' ni kupungua, unaitafuta 'decline' kwa macho kwenye kurasa nzima huioni, dakika zinakatika, mwisho unabahatisha. Kwaiyo ukijifunza neno lijue na ndugu zake na watu linaotembea nao. 'Decline' inatembea na 'steep', 'gradual', 'in'. Likiwa pekeyake halikusaidii kitu pale ndani.

Nilichofanya nikakata manila vipande vidogo. Mbele naandika sentensi nzima nliyoitoa kwenye habari niliyosoma mwenyewe, ila neno lenyewe naacha pengo. Nyuma naandika neno, na chini yake njia nyingine mbili za kusema jambo hilohilo, kwa Kiingereza. Kiswahili naweka pale tu panapokataa kabisa. Alafu maboksi matatu ya viatu, la kwanza kila siku, la pili kila baada ya siku tatu, la tatu kwa wiki mara moja. Kadi ukiipata inasogea mbele, ukiikosa inarudi la kwanza hata kama ilikuwa imeshafika la tatu, bila huruma. Sikubuni mi, mtindo huu ni wa mwandishi mmoja, Sebastian Leitner, wa miaka ya 1970, na siku hizi kuna programu za simu zinafanya hivohivo, ila mi simu nikiishika nakuta nimeshaingia kuangalia taarab.

Kama lazima uwe na orodha basi tafuta ile ya Averil Coxhead wa New Zealand, ya mwaka 2000, inaitwa Academic Word List, ina koo 570 za maneno, yani neno na yote yanayozaliwa nalo, na ni yale yanayojirudia kwenye maandishi ya kitaaluma ya kila aina, sio majina ya mimea na magonjwa. Itumie kama kipimo tu. Unasoma habari, ukikutana na neno liko humo ndo linapata kadi, likiwa haliko achana nalo. Majina magumu ya wadudu sijui mawe yasikutishe, mara nyingi wenyewe wanakueleza palepale, na hata wasipokueleza wewe unahitaji kujua tu kwamba ni mdudu.

Habari zenyewe uzipate wapi? Anza na unachokijua. Mi nlianza na katani, maana Tanga utakimbilia wapi. Nikasoma kwa Kiingereza jinsi Mjerumani Hindorf alivyoileta 1893, mashamba yalivyotanuka, mpaka kamba za viwandani zilivyokuja kuua soko. Kwa kuwa hadithi naijua, neno nisilolijua nalihisi lenyewe, 'synthetic' nliipata bila kamusi. Watafiti wa lugha kina Hu na Nation walisema ili usome kitu bila kushikwa mkono inabidi ujue kama maneno 98 kati ya 100. Kwaiyo ukifungua ukurasa ukakuta kila mstari maneno manne hujui, hapo hufanyi mazoezi ya kusoma, unachimba kisima. Tafuta kitu chepesi kidogo, alafu panda.

Lakini sasa, kujua habari kunakusaidia kubahatisha neno na kunakuharibia jibu. Hapa ndo samaki anaingia.

Nlipata zoezi la True, False, Not Given, yani unapewa sentensi useme habari inakubaliana nayo, inaipinga au haijaigusa, na habari yake inahusu silikanti. We mtu wa Tanga unamjua, samaki wa kale yule, ananasa kwenye jarife za papa, tuna mpaka hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Nikacheka nikasema leo nakula 100. Habari ikaeleza kwamba wanasayansi wengi waliamini kaisha tangu zama za dinosaria, mpaka 1938 akavuliwa Afrika Kusini akaonekana na mama mmoja wa makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer, alafu 1952 akapatikana mwingine Komoro. Swali, silikanti wanaishi pia pwani ya Tanzania. Nikaandika True kwa mikono miwili. Jibu Not Given. Nikataka kugombana na karatasi, yani mi nimemwona kwa macho! Ila habari haikuitaja Tanzania hata mara moja. Swali lingine, wanasayansi wote walikubaliana kwamba ameisha. Nikaweka True tena. Jibu False, maana habari imesema wengi, swali limesema wote. Maswali kumi nikapata manne, kuhusu samaki wa kwetu.

Toka siku hiyo nikawa najiuliza kitu kimoja tu, hii habari inagombana na swali au imenyamaza? Ikigombana, False, na lazima uweze kuweka kidole kwenye mstari unaogombana. Ikinyamaza, Not Given. Kidole hakina pa kukaa basi imenyamaza, hata kama wewe unajua ukweli kuliko mwandishi. Na uwe mkali na maneno madogo, 'all', 'most', 'only', 'never', 'until', maana mtego mara nyingi umetegwa humo.

Kujipima kama nimeelewa nlimtumia shangazi. Yeye anakuna nazi, mi nasoma aya moja, nafunga karatasi, namwambia kwa Kiswahili sentensi moja aya imesema nini. Nikishindwa au nikianza kuongea sana ujue sijaelewa, narudi. Na hiyo imenisaidia mno kwenye maswali ya kuoanisha aya na vichwa vyake vya habari, manake ile sentensi moja ndo kichwa chenyewe. Siku ya silikanti shangazi akauliza, "Haya, analiwa?" Nikamwambia shangazi, haijasema. Akaniangalia, akasema basi huyo mwandishi hana maana.

Muda usiuchezee. Dakika 60, habari tatu, maswali 40, na reading hawakupi dakika za ziada kuhamishia majibu kama wanavyofanya kwenye listening ya karatasi. Wiki za mwanzo soma bila saa kabisa, uelewe kwanza. Baadae dakika 20 kwa kila habari, simu iko mbele inahesabu, ikilia umeishia hapo hata kama una utamu. Mi nlikuwa naenda maktaba ya mkoa, nyumbani watoto hawakuachi. Usiache swali wazi, ukikosa hawakati maksi. Wakisema yasizidi maneno mawili ukiandika matatu umekosa hata kama jibu lipo humo ndani, na spelingi ukikosea umekosa, mi nlishapoteza kwa 'government' bila ile n ya katikati. Ya Uingereza au ya Marekani zote wanapokea.

Sasa hesabu yako. Majibu 23 ni kama 6, 30 ni kama 7, 6.5 iko katikati hapo, kwaiyo unatafuta majibu kama sita au saba tu juu ya uliyonayo. Kagua karatasi zako za nyuma uone ulikosa wapi, nina wasiwasi nusu yake ni Not Given. Mi mara ya pili nlipata 7.0 ila ilinichukua miezi minne sio mmoja, na nlikuwa natoka kazini. Fanya karatasi mbili nzima wiki hii kwa saa. Zote zikibaki chini ya 24, omba mapema tarehe isogezwe mbele kabla hawajafunga dirisha.