Jibu: "wish" au "hope"?

Habari mkuu. Umekwama kwenye "I wish you will call me", sentensi ambayo mwalimu wako ameikata kwa wino mwekundu. Angalia kwanza kama jambo bado linawezekana. Kama linawezekana, ni "hope" (kutumaini): "I hope you will call me." "Wish" ni ya kisichokuwepo, ndiyo maana kitenzi huwekwa wakati uliopita: "I wish I had a car", yaani sina. Mimi hujipima kwa Kiswahili: nikisikia -nge-, kama "laiti ningekuwa na gari", naandika "wish". Isipokuwa "I wish you luck"; hiyo ni "nakutakia" tu.

Na "I want" usimwambie mhudumu wa hoteli, niliwahi kukatwa jicho! Sema "I'd like", ndiyo "naomba" ya Kiingereza.