Usaili wa mtandaoni: mpe msimbo wenye kosa autengeneze

SWALI: Habari za kazi, kaka. Kampuni yetu ni ndogo, iko Arusha, na tunatafuta mtu wa programu za upande wa seva, yaani zinazoendeshwa kwenye kompyuta kuu na si kwenye simu ya mteja, atakayefanya kazi akiwa kwao. Tumewasaili watano kwa video. Mmoja, yuko Kigoma, alikatika mara tatu tukamwacha. Mwingine alijibu kila kitu kwa ufasaha wa ajabu, ila macho yalikuwa pembeni kama mtu anayesoma mahali. Tutamjuaje anayeiweza kazi?

JIBU: Nzuri, dada. Nianze na huyo wa Kigoma kwa sababu ndiye anayeniuma. Mpigieni tena. Siku ile mlipima mnara wa simu, hamkumpima yeye. Mimi humpigia kila mwombaji siku mbili kabla, dakika kumi tu, tukajaribu sauti na skrini. Namtumia na bando, maana saa moja ya video inaweza kula karibu GB 1, na si haki mtu asiye na kazi alipie usaili wako. Tunakubaliana kabisa: ukikatika nakupigia simu ya kawaida, tunaendelea kwa sauti, na dakika zilizopotea unarudishiwa. Baada ya salamu, kamera tunazima.

Huyo wa pili, msihangaike na macho yake. Wako wanaotazama pembeni wanapofikiri, na wako wenye skrini mbili. Tatizo ni maswali. Ukiuliza "nini maana ya" kitu fulani, akili mnemba inajibu kabla hujamaliza kuvuta pumzi.

Kwa kazi yenu ningempa programu fupi, mistari kama 150, inayopokea taarifa za malipo ya simu na kuongeza salio la mteja. Ina kosa moja: taarifa ileile ikija mara mbili, salio linaongezeka mara mbili. Kosa hili linatokea kweli, kwa sababu seva yako ikichelewa kujibu, anayetuma taarifa anaweza kuituma tena. Mwambie kuwa mteja amelipa shilingi 20,000, salio likasomeka 40,000. Awaonyeshe skrini yake, atafute kosa, huku akikueleza anachowaza. Dakika 45 zinatosha.

Sikiliza anaanzia wapi. Mzoefu huomba kuona kumbukumbu za seva, yaani orodha ya yaliyotokea humo, kabla ya kugusa msimbo (maandishi ya programu), akagundua kuwa namba ya muamala ni ileile. Wengi hutengeneza kwa kuangalia kwanza kama namba ipo, na kama haipo ndipo wanaiandika. Hapo uliza: taarifa mbili zikifika kwa pamoja, zote zikakuta namba haipo? Swali hili limenisaidia kuliko jingine lolote. Anayejua ataupeleka ulinzi kwenye hifadhidata yenyewe, namba isiruhusiwe kujirudia, na kuandika namba na kuongeza salio viwe kitendo kimoja: vifanikiwe vyote au visifanyike kabisa.

Akitaka kutumia akili mnemba, aitumie mbele yenu, kwenye skrini ileile. Kazini ataitumia pia. Kisha badilisha sharti: muamala umefutwa na mteja arudishiwe fedha, utagusa wapi? Aliyenakili bila kuelewa ataonekana hapo hapo.

Na mwacheni aeleze kwa Kiswahili akipenda. Nimeona mafundi hodari wakipotea kwa sababu msaili alisikiliza Kiingereza badala ya hoja.

Wote wapewe kazi ileile na maswali yaleyale. Kila msaili aandike alama zake kabla ya kuzungumza na mwenzake, la sivyo mkubwa wa ofisi atasema "huyu nimempenda" na wengine watafuata. Mwaka 2022 mwanasaikolojia wa kazi Paul Sackett na wenzake walipitia upya tafiti za uteuzi wa wafanyakazi, wakakuta usaili wenye maswali yaliyopangwa unaongoza kwa kutabiri utendaji kazini. Maongezi huru yalikuwa nyuma sana.

Kazi ya kufanyia nyumbani wikiendi nzima siishauri. Inawafukuza wenye watoto na walioajiriwa.

Kwa hiyo waiteni upya wote watano, kwa kazi hiyo moja. Huyo wa Kigoma mwulizeni umeme na mtandao wa kwao huwa imara saa ngapi, na hata akisema saa 12 asubuhi, amkeni.