Maswali ya Wasomaji: Namba Tatu za Shamba la Babu

Swali

Kwako Mhariri,

Nilizaliwa Kinangop Kusini, katika shamba ambalo babu yangu alihamia mwaka 1963 au 1964 akitokea Murang'a. Yeye na nyanya wamekwisha kufariki, na baba hakumbuki mengi isipokuwa kwamba walifika kwa lori pamoja na familia nyingine ambazo majina yake anayajua nusu nusu, na kwamba babu alipewa shamba hilo na serikali baada ya mzungu kuondoka. Nimeanza kuandika historia ya familia hizo za kwanza kabla wazee wachache waliobaki hawajatutoka. Nilikwenda katika ofisi moja ya ardhi na jina kamili la babu, nikaambiwa kuwa kwa jina peke yake hakuna msaada wowote. Je, nianzie wapi?

Msomaji, Njabini

Jibu

Ndugu msomaji,

Aliyekujibu hakukosea, ila alikunyima nusu ya jibu. Maombi ya upekuzi wa ardhi hujazwa kwa namba ya kiwanja na wala si kwa jina la mwenyewe, kwa sababu rejista imepangwa kwa namba. Ukimtafuta babu kwa jina utahangaika sana, lakini ukilitafuta shamba kwa namba, jina lake litajitokeza lenyewe.

Shamba kama lenu huwa na namba tatu, na kila namba ni ya zama zake. Ya kwanza hutanguliwa na herufi L.R., nayo ni namba ambayo serikali ya kikoloni ililipa shamba kubwa la mzungu. Ya pili ni namba ya ploti katika skimu ya makazi, baada ya shamba hilo kubwa, pengine pamoja na mengine yaliyopakana nalo, kupimwa na kukatwa vipande. Ya tatu ni ile ya hatimiliki, ambayo kwenu huanza na neno Nyandarua, likafuatiwa na jina la sehemu ya usajili, kisha tarakimu. Ya pili na ya tatu zaweza kufanana, lakini usilitegemee hilo mpaka uwe umeziona zote mbili kwa macho yako.

Namba hizo hazianzii ofisini. Zinaanzia katika lile sanduku la bati lililo chini ya kitanda cha nyanya, na hapa naomba nirekebishe neno moja katika barua yako. Babu hakupewa shamba, alilinunua. Mpango uliomfikisha huko, uliokuja kujulikana kama Mpango wa Ekari Milioni Moja, ulianza mwaka 1962, wakati serikali iliponunua mashamba ya walowezi kwa fedha zilizotoka zaidi Uingereza pamoja na Benki ya Dunia, ikayagawa kwa familia zipatazo 35,000 katika takriban ekari milioni 1.2. Kila familia ilitia saini mkopo wa ardhi wa kulipwa kwa miaka 30, na nyingi zilichukua pia mkopo wa kununulia ng'ombe, waya na mbegu. Mdai alikuwa Wadhamini wa Hazina ya Makazi, ambao wakulima wa Nyandarua wanawafahamu kwa herufi tatu tu za jina lao la Kiingereza, SFT. Deni hilo liliwanyima wazee wengi usingizi, na kwa sababu hiyo hawakuthubutu kutupa stakabadhi hata moja. Stakabadhi iliyokunjwa mara nne, yenye kutu ya pini pembeni, ndiyo itakayokuonyesha jina la skimu na namba ya ploti kwa mwandiko wa karani. Ukipata pia barua ya kugawiwa ploti, umepata karibu cheti cha kuzaliwa cha shamba lenyewe.

Ukiwa na namba, rudi katika masjala ya ardhi uombe upekuzi, kisha uombe nakala iliyothibitishwa ya ukurasa wa rejista ambao watu wa ofisini huuita kadi ya kijani. Kadi hiyo ina sehemu tatu. Sehemu A inaeleza ukubwa wa shamba na namba ya karatasi ya ramani linamoonekana. Sehemu B inaorodhesha wenye shamba, mmoja baada ya mwingine, pamoja na tarehe. Sehemu C ni ya mizigo iliyo juu ya shamba, kama vile rehani na mazuio. Watu wengi husoma sehemu B wakaishia hapo, ilhali kwa mwandishi wa historia sehemu C ndiyo tamu, kwa kuwa humo unaweza kuona rehani ya SFT ikiingizwa na, ikiwa familia ilimaliza deni, siku ambayo ilifutwa. Jihadhari na jambo moja: tarehe ya kwanza katika kadi si tarehe ambayo babu alishuka kwenye lori. Mara nyingi hatimiliki ilitolewa baada ya deni kulipwa, hivyo familia iliyolima tangu 1964 inaweza kuonekana katika rejista kana kwamba ilifika miaka mingi baadaye.

Kuhusu majina, uwe mvumilivu. Karani aliyeandika orodha za skimu aliandika alichosikia. Jina Ng'ang'a utalikuta limeandikwa Nganga, Gichuru limekuwa Gicuru, na mzee mmoja aweza kuwa na jina la ubatizo katika karatasi moja na katika nyingine akatajwa kwa jina lake na la babake tu, yakitenganishwa na herufi s/o, yaani mwana wa. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza siku mbili nikimtafuta ndugu ya babangu katika orodha, kumbe karani alikuwa amemwandika kwa jina la babake. Namba ya ploti haikuwa imebadilika hata tarakimu moja. Fahamu vilevile kwamba ploti ziliandikwa kwa kawaida kwa jina la mume, na wanawake waliovunja ile ardhi kwa jembe hawaonekani kokote katika orodha hizo isipokuwa walipokuwa wajane. Majina yao utayapata katika vitabu vya ubatizo na vya ndoa vya makanisa, na zaidi katika vinywa vya watoto wao.

Ukitaka familia jirani zilizofika pamoja nanyi, tafuta daftari la chama cha ushirika. Kila skimu iliundiwa ushirika wake, kwa sababu maziwa na pareto viliuzwa kupitia huko na mkopo ukakatwa humo humo. Namba za uanachama zilitolewa kwa kufuatana, hivyo namba ndogo ndogo ni za wale waliotangulia kujiandikisha.

Sasa twende Nairobi. Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka iko katika Barabara ya Moi, karibu na sanamu ya Tom Mboya, na nyaraka nyingi za serikali hufunguliwa kwa wasomaji baada ya miaka 30. Wanaotoka kwenu hufika pale wakaomba majalada ya Nyandarua, wakaletewa machache wakakata tamaa. Wilaya ya Nyandarua iliundwa mwaka 1963. Kabla ya hapo Kinangop ilikuwa chini ya Wilaya ya Naivasha, kwa hiyo taarifa za mwaka za mkuu wa wilaya, mashauri ya vibarua na habari za mashamba ya walowezi ziombe kwa jina la Naivasha. Nyahururu nayo katika karatasi hizo inaitwa Thomson's Falls. Michoro ya upimaji wa mashamba ya zamani, ile inayofuata namba za L.R., iko Idara ya Upimaji, Ruaraka, na huko ndiko utakakoweza kulaza ramani ya skimu juu ya ramani ya mzungu ukaona mpaka wa zamani ulipita katikati ya shamba la nani.

Nimalizie na hilo neno lako, familia za kwanza. Lori la babu lilipofika, huenda shambani hapo palikuwa tayari na watu. Mashamba ya walowezi yalilimwa na maskwota, ambao kwa sheria ya 1918 walipaswa kumtumikia mwenye shamba siku 180 kwa mwaka ili waruhusiwe kuishi, kulima kipande kidogo na kulisha mifugo yao michache, huku wanaume wakivaa shingoni kile kikebe cha bati chenye kipande, yaani kitambulisho cha kazi. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952 wengi walifukuzwa kurudi maeneo waliyotoka wazazi wao, na baadhi wakarudi tena miaka kumi baadaye wakiwa wamiliki wa ploti katika shamba lile lile walilokuwa vibarua. Kabla yao kulikuwa na Wamaasai, walioondolewa katika Bonde la Ufa kwa mkataba wa 1904, kisha Laikipia kwa ule wa 1911, na majina Ol Kalou na Ol Joro Orok ni yao mpaka leo. Kwa hiyo ukiwahoji wazee, usiwaulize tu nani alifika kwanza. Waulize mlimkuta nani, na aliyekutwa alikwenda wapi.

Swali

Karibu na Eldoret tumerithi shamba ambalo wazee bado wanaliita kwa Kaburu. Chini ya miti kuna makaburi mawili ya mawe yenye maandishi tusiyoweza kuyasoma. Tungependa kujua familia hiyo ilikuwa ipi na ilikujaje huku.

Msomaji, Uasin Gishu

Jibu

Familia nyingi za Makaburu zilikuja kwenu kwa msafara mmoja mkubwa wa mwaka 1908, ulioongozwa na Jansen van Rensburg. Walitoka Afrika Kusini kwa meli hadi Mombasa, wakapanda treni mpaka Nakuru, na kutoka hapo wakasafiri kwa magari ya kukokotwa na maksai, wakipanda milima na kuvuka misitu na matope hadi kufika uwandani. Uwanda huo haukuwa mtupu kwa hiari ya mtu. Jina lake linatokana na Wamaasai wa ukoo wa Uasin Gishu, na ni miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, auawe tarehe 19 Oktoba 1905 na upinzani wao kuvunjwa.

Serikali iliyagawa mashamba yenu kwa namba kabla hata ya kuyapa majina, na ushahidi mkubwa ni mji wenyewe. Eldoret ulianza kama ofisi ya posta mwaka 1910 katika shamba namba 64, ukaitwa hivyo tu, Sixty-Four, hadi ulipopewa jina la sasa mwaka 1912. Wazee wa Kinandi waliotamka Sisibo walikuwa wakiitaja namba hiyo. Kwa hiyo kwenu pia nashauri mtafute kwanza namba ya L.R. ya shamba mama, ambalo huenda ni kubwa mara kumi kuliko sehemu yenu, kisha muombe rekodi zake katika masjala kuu ya Nairobi.

Mawe yenyewe msiyasugue kwa brashi ya waya. Yamwagieni maji, mpige picha asubuhi mapema jua linapopita kwa ubavu, na herufi zitasimama. Maandishi hayo huenda ni ya Kiafrikaans au Kiholanzi. Neno *gebore* au *geboren* ni kuzaliwa. *Oorlede* au *overleden* ni kufariki. Mkishapata jina na mwaka, fungueni Gazeti Rasmi la mwaka huo na unaofuata, kwa kuwa matangazo ya mirathi yalichapishwa humo na mengi humtaja marehemu pamoja na mahali alipoishi. Wengi wa Makaburu waliondoka kurejea Afrika Kusini uhuru ulipokaribia, hivyo msishangae mkiwapata wajukuu wao huko wakilitafuta shamba hilo hilo kwa upande wa pili.

Swali

Mama yangu alinunua hisa katika kampuni ya kununua mashamba huko Nakuru miaka ya sabini. Kampuni ilikwisha kufa. Nimebaki na kadi ya hisa tu. Ina faida gani?

Msomaji, Nakuru

Jibu

Ina faida, lakini namba iliyo juu yake si namba ya shamba. Kampuni zile zilinunua shamba zima la mzungu kwa L.R. moja, kisha wanachama wakapiga kura, kila mmoja akachukua karatasi yenye namba ya ploti kutoka kofiani au debeni. Tafuta karatasi hiyo ya kura. Ikiwa imepotea, jalada la kampuni kwa Msajili wa Makampuni linaweza kukuonyesha wakurugenzi waliosajiliwa, na familia zao ndizo mara nyingi zilizobaki na daftari la wanachama pamoja na ramani ya mgawanyo. Linganisha jina la mama na namba ya hisa katika daftari, uone alipata ploti gani, ndipo uende kufanya upekuzi. Na mtu yeyote akikuambia umwachie kadi hiyo akushughulikie, mpe nakala, kadi yenyewe ibaki nyumbani.